Maswali ya Wasomaji: Nani Ashike Ufunguo wa Maabara?

Barua za mwezi huu zimetoka mbali mbali, lakini nyingi zimegusa jambo moja: utafiti unaofanywa kwa ushirikiano wa mataifa, na hofu ya mataifa hayo hayo juu ya usalama wao. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu zilizobaki zinaiegemea.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi kutoka Morogoro, na niko mwaka wa pili wa masomo ya uzamivu katika uhandisi wa metali, katika chuo kikuu kimojawapo nchini Uholanzi. Kabla ya kupokelewa maabara nilijaza fomu iliyouliza nimesoma wapi, nani alinilipia, na kama nina uhusiano na taasisi yoyote ya kijeshi. Wiki chache zilizopita msimamizi wangu aliniomba nisimtumie rafiki yangu wa zamani, Mchina tuliyesoma pamoja shahada ya uzamili, takwimu za majaribio yetu mpaka ofisi ya chuo itoe idhini, ingawa makala tunayoiandika itachapishwa waziwazi. Nilifundishwa kwamba elimu haina mipaka. Je, nimekuwa mtuhumiwa? Na sayansi inaweza kweli kufanyika namna hii?

Marahaba, mwanangu. Kwanza nikutoe wasiwasi: kujaza fomu si kutuhumiwa, kama vile kuandika jina katika daftari la bawabu si kukiri wizi. Swali lako la pili ni zito zaidi, na siwezi kulijibu bila kukueleza kwa nini nchi uliyopo, ambayo kwa kawaida husifiwa kwa kuwakaribisha wageni, imekuwa na hofu ya aina hii.

Mwaka 1972 mhandisi wa Kipakistani aitwaye Abdul Qadeer Khan, aliyekuwa amesoma Berlin Magharibi, kisha Delft huko huko Uholanzi, kisha Leuven nchini Ubelgiji alikopata uzamivu wake, aliajiriwa mjini Amsterdam na kampuni iliyokuwa ikifanya kazi kwa niaba ya Urenco, shirika la pamoja la Uingereza, Ujerumani Magharibi na Uholanzi lenye mitambo ya kurutubisha urani, yaani kuiandaa kwa ajili ya nishati ya nyuklia au bomu, katika mji wa Almelo. Somo lake, utaona, lilikuwa hilo hilo lako la metali. Mitambo yenyewe ni mapipa membamba yanayozungushwa kwa kasi kubwa mno ili urani nyepesi itengane na nzito, na ugumu wake haumo katika fizikia, ambayo imo vitabuni kwa yeyote anayetaka kuisoma. Umo katika metali inayostahimili mzunguko ule bila kupasuka, katika vipimo vya kila kipande, na katika kumjua fundi gani wa Ulaya anauza kipuri gani. Khan, kwa kuwa alijua lugha kadhaa, alipewa kazi ya kutafsiri nyaraka za siri za Kijerumani. Mwishoni mwa mwaka 1975 alikwenda Pakistan kwa likizo na hakurudi kazini. Mei 1998 Pakistan ililipua mabomu yake ya majaribio ya nyuklia, na Februari 2004 Khan alikiri mbele ya televisheni kwamba alihusika kuueneza ujuzi huo, uliokuwa umefika Iran, Libya na Korea Kaskazini.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ushahidi kwamba milango ya vyuo inapaswa kufungwa. Mimi nakisoma vingine. Alichofundishwa Khan darasani Delft na Leuven hakikutosha kumpa mtu bomu. Maelfu ya wahandisi wamesoma masomo kama hayo na kwenda kujenga madaraja. Kilichoponyoka kilikuwa siri iliyokwisha kutambuliwa kuwa siri, ndani ya kampuni iliyopaswa kuwa na ulinzi, na iliponyoka kwa sababu wenye dhamana ya kuilinda walilegea. Mfanyakazi mwenzake, fundi mpiga picha aitwaye Frits Veerman, aliona michoro pasipostahili, akawaonya wakubwa. Waliomsikiliza walimtaka anyamaze, na baadaye yeye ndiye aliyepoteza kazi. Kwa hiyo mlango uliohitaji komeo haukuwa wa chuo, na aliyekuwa akigonga kengele ndiye aliyetolewa nje.

Hofu ilibaki, na hofu ikikaa muda mrefu huanza kutazama sura za watu. Baada ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kupitisha Azimio 1737 kuhusu Iran mwezi Desemba 2006, serikali ya Uholanzi iliwazuia watu wenye asili ya Iran kusoma baadhi ya masomo yanayohusiana na nyuklia na kuingia katika baadhi ya maeneo ya utafiti, hata waliokuwa tayari ni raia wa Uholanzi. Wahusika walikwenda mahakamani, kesi ikapanda ngazi moja baada ya nyingine, na mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliamua kwamba huo ulikuwa ubaguzi, kwani serikali haikuwa na hoja ya kutosha ya kuwatenga watu hao kwa asili yao.

Fomu uliyoijaza ni mtoto wa hukumu ile kama ilivyo mtoto wa kisa cha Khan. Swali limehama, angalau kwenye karatasi, kutoka "umezaliwa wapi" kwenda "utagusa nini, nani analipia, na matokeo yataishia mikononi mwa nani". Tangu Januari 2022 serikali ya Uholanzi ina dawati maalumu ambako vyuo hupeleka maswali ya namna hiyo, na Mei 2024 Umoja wa Ulaya ulitoa pendekezo kwa nchi wanachama wote, ukishika msimamo kwamba utafiti uwe wazi kadiri inavyowezekana na ufungwe kadiri inavyolazimu. Maneno hayo ni mazuri, lakini yana upana wa kuingiza ng'ombe na ndama wake. Kila kitu kinategemea nani anaamua kinacholazimu, na anaamua lini.

Hapo ndipo ninapotaka uwatazame Wamarekani, ambao wamefanya jambo hili kwa ubora na kwa ubaya kuliko wengine wote. Kwa ubora, ni agizo alilotia saini Rais Reagan tarehe 21 Septemba 1985, wakati Vita Baridi vikiwa bado vimepamba moto. Miaka mitatu kabla yake jopo la Akademia ya Taifa ya Sayansi, lililoongozwa na Dale Corson, lilikuwa limechunguza malalamiko kwamba Wasovieti walikuwa wakinufaika na maabara za Marekani, likaona kwamba sehemu kubwa ya uvujaji haikutoka vyuoni. Agizo la Reagan likasema, kwa ufupi, kwamba matokeo ya utafiti wa msingi yabaki bila kizuizi, na pale usalama wa taifa unapodai udhibiti, njia ya kudhibiti ni kuutangaza utafiti huo kuwa siri kwa utaratibu wa kisheria, na jambo hilo liamuliwe kabla ya fedha kutolewa. Tafakari uzuri wa kanuni hiyo. Mtafiti anajua siku ya kwanza yuko upande gani wa ukuta. Hakuna eneo la kijivujivu ambamo kazi iliyokuwa halali Jumatatu inakuwa kosa Ijumaa.

Kwa ubaya, ni kila mara walipoisahau kanuni hiyo au kabla hawajaigundua. Qian Xuesen alifika Marekani kutoka China mwaka 1935, akawa miongoni mwa waanzilishi wa maabara ya roketi ya Pasadena inayojulikana leo kama JPL, na mwaka 1945 akatumwa Ujerumani akiwa na cheo cha kanali kuwahoji wataalamu wa roketi wa Hitler. Mwaka 1950 alinyang'anywa idhini yake ya kufanya kazi za siri za serikali kwa tuhuma za ukomunisti ambazo hazikuwahi kuthibitishwa, akawekwa chini ya uangalizi kwa miaka mitano, kisha mwaka 1955 akaachwa arudi China, alikokwenda kuwa baba wa makombora ya nchi hiyo. Ukitaka mfano wa taifa lililojitoboa jicho likidhani linatoa kibanzi, huo hapo.

Na hawakujifunza kwa kudumu. Novemba 2018 Wizara ya Sheria ya Marekani ilianzisha mpango wa kupambana na ujasusi wa kiuchumi wa China, mpango uliobeba jina la nchi nzima na ambao ulijikuta ukiwafuata maprofesa kwa makosa ya kujaza fomu. Anming Hu wa Chuo Kikuu cha Tennessee alishtakiwa, jopo la wazee wa baraza likashindwa kuafikiana, na Septemba 2021 jaji akamwachia huru. Gang Chen wa chuo cha teknolojia cha MIT alikamatwa Januari 2021, na mwaka mmoja baadaye mashtaka yote dhidi yake yakafutwa. Februari 2022 wizara iliufunga mpango huo na kukiri kwamba ulikuwa umejenga dhana ya kuwatendea watu kwa viwango tofauti. Hasara ya miaka hiyo haikuandikwa katika hukumu yoyote: ni watafiti waliokaa kimya, walioacha kuandika pamoja na wenzao, na waliofunga mizigo yao.

Sasa turudi kwako na rafiki yako. Uliyoandika yanaonyesha kwamba makala itakuwa wazi, lakini takwimu ghafi na namna ya kuandaa sampuli huenda zisiwe ndani ya makala, na katika metali siri mara nyingi imo katika mapishi, haimo katika matokeo. Aloi, yaani mchanganyiko wa metali, inayostahimili joto na mzunguko inaweza kuingia katika jenereta ya umeme na inaweza kuingia katika injini ya kombora. Sheria za Ulaya za kudhibiti usafirishaji wa vitu vyenye matumizi ya kiraia na ya kijeshi zinahesabu hata kutuma waraka kwa baruapepe kuwa ni kusafirisha. Kwa hiyo msimamizi wako hakukuonea kwa kukuomba usubiri. Atakuwa amekuonea iwapo atakataa kukueleza sababu. Mwombe kwa maandishi akuambie ni sehemu gani ya kazi inayodhibitiwa, kwa sheria ipi, na lini ofisi itajibu. Rafiki yako mwandikie waziwazi kwamba unasubiri idhini. Hilo si tusi, na kama ni mtafiti makini ataelewa, kwani hata kwao takwimu hazitoki nje ovyo. Jambo moja nakusihi sana: usimtumie chochote kupitia simu yako binafsi kwa kudhani kwamba njia ya pembeni haihesabiwi. Ukifanya hivyo utakuwa umegeuza urafiki wa halali kuwa ushahidi.

Mwalimu, mimi ni mstaafu wa Malindi. Tangu ujana wangu tumeyaona majukwaa ya Waitaliano baharini, na wajukuu wananiuliza yalikuwa ya nini na sisi tulipata nini. Siku hizi watafiti wageni wanakuja kuchukua damu, udongo, samaki na hata matope ya maziwa. Kwa nini serikali zetu zisifunge mlango mpaka tuwe na uwezo wetu wenyewe?

Mzee wangu, wajukuu zako wanaishi jirani na ukurasa wa historia ambao wengi hawaujui. Majukwaa yale yaliwekwa baharini kwa sababu roketi inayorushwa karibu na Ikweta husaidiwa na mzunguko wa dunia, na bahari iliyo wazi upande wa mashariki haina vijiji vya kuangukiwa na mabaki. Mwaka 1967 setilaiti ya kwanza ilirushwa pale. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliipeleka angani kutoka pale setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota, na Wamarekani wakaipa jina la Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Urushaji ulikoma mwaka 1988, ingawa kituo cha nchi kavu kinachowasiliana na setilaiti kimeendelea na kazi.

Tulipata nini? Jina, kodi ya ardhi, ajira za vijijini, na mikataba iliyojadiliwa upya mara kadhaa, kila mara Kenya ikidai mafunzo na sehemu kubwa zaidi ya takwimu. Kinachonisikitisha mimi si kwamba Waitaliano walikuja. Ni kwamba katika mazungumzo ya mwanzo, wakati nchi ilikuwa ndiyo kwanza inapata bendera, hatukuwa na watu wa kutosha waliojua cha kuomba. Mkataba unaandikwa na anayejua thamani ya kinachouzwa.

Kufunga mlango kungetibu hilo? Angalia kilichotokea Indonesia. Mwaka 2007 nchi hiyo, kupitia Waziri wake wa Afya Siti Fadilah Supari, ilikataa kuendelea kupeleka sampuli za virusi vya mafua ya ndege kwa mtandao wa Shirika la Afya Duniani, kwa hoja kwamba sampuli zinatoka kwa wagonjwa wake, chanjo zinatengenezwa kwa sampuli hizo katika nchi tajiri, kisha wagonjwa wale wale hawana uwezo wa kuzinunua. Alilaumiwa vikali kwamba anahatarisha dunia, na lawama hiyo haikuwa bure, kwani kirusi hakisubiri mazungumzo. Hata hivyo mlango ule uliofungwa ndio uliozaa mfumo wa mwaka 2011 unaoyataka makampuni yanayotumia mtandao wa sampuli za mafua yachangie fedha, chanjo au dawa. Hivyo kufunga kulikuwa na faida kama silaha ya mazungumzo kwa muda, na kungekuwa na madhara makubwa kama kungefanywa desturi.

Upande wetu, kufunga kungetugharimu zaidi ya Indonesia. Chanjo mbili za malaria ambazo Shirika la Afya Duniani limezipendekeza kwa watoto, ya kwanza Oktoba 2021 na ya pili Oktoba 2023, zilijaribiwa kwa sehemu hapa hapa, na miongoni mwa waliozijaribu ni watafiti wetu wa Kilifi na wa Tanzania wakishirikiana na vyuo vya Ulaya. Kituo cha Kilifi kimekuwapo tangu mwaka 1989. Mwanzoni watafiti wake wakuu wengi walikuwa wageni. Leo Waafrika wanaongoza tafiti zao pale na wanasomesha wengine. Uwezo huo usingekuja kwa kukaa na kusubiri uwezo.

Kinachotakiwa ni daftari, kwani wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kenya, chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013, humtaka mtafiti apate leseni kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Tanzania ina COSTECH, tume yake ya sayansi na teknolojia, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986, na kwa sampuli za binadamu kuna NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, inayopaswa kuidhinisha mkataba kabla kichupa hakijapanda ndege. Sheria za kulinda taarifa binafsi zipo, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022. Kasoro ninayoiona ni kwamba vibali hivi mara nyingi hukaguliwa mwanzoni tu. Mtafiti akishaondoka, ni nani anayefuatilia kichupa kiko kwenye jokofu gani, kimegawiwa nani, na kimezaa hataza ipi, yaani haki ipi ya kumiliki uvumbuzi? Kama ningekuwa na senti moja ya kutumia kwa usalama wa taifa katika utafiti, nisingemwajiri askari wa kusimama langoni. Ningemwajiri karani hodari wa kufuatilia mikataba iliyokwisha kusainiwa. Kazi hiyo haina sare wala haipigwi picha, na labda ndiyo sababu haifanywi.

Ninafanya kazi katika maabara ya hospitali mkoani Kagera, ambako tumeonja ugonjwa wa Marburg. Tukigundua kirusi kipya na kusoma mfuatano wa vinasaba vyake, je, tuutoe mara moja kwa dunia nzima, au tusubiri serikali iamue kwa ajili ya usalama wa nchi?

Kwa wewe binafsi jibu ni fupi: fuata ngazi za wizara, kwa sababu mfanyakazi mmoja hana mamlaka ya kutangaza mlipuko, na taarifa isiyothibitishwa ina madhara yake. Lakini wanaokaa juu ya ngazi hizo wanapaswa kujua gharama ya kila siku inayopita, na wanayo mifano miwili ya karibu.

Tarehe 11 Januari 2020 Profesa Zhang Yongzhen wa Shanghai, akisaidiwa na mwenzake Edward Holmes aliyekuwa Australia, alitoa hadharani mfuatano kamili wa kirusi kilichokuwa kimezuka Wuhan. Kesho yake maabara yake iliamriwa kufungwa kwa ajili ya "marekebisho". Watengenezaji wa chanjo duniani hawakuhitaji kirusi chenyewe. Waliuchukua mfuatano ule kutoka kwenye intaneti wakaanza kazi, na tarehe 16 Machi mtu wa kwanza alidungwa chanjo ya majaribio ya Moderna. Mfano wa pili ni wa Novemba 2021, pale wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana walipoitahadharisha dunia kuhusu aina mpya ya kirusi iliyokuja kuitwa Omikroni, na shukrani walizopata ni kufungiwa safari za ndege ndani ya siku chache. Nani atashangaa kama waziri mwingine, mahali pengine, atajiuliza mara mbili kabla ya kutangaza? Adhabu kama ile huifanya siri ionekane kuwa ni busara, na kwa hiyo huwaweka hatarini hata waliotoa adhabu.

Hata hivyo kuna aina ya ujuzi ambayo ni halali kusita kabla ya kuitoa. Mwaka 2011 Ron Fouchier wa Rotterdam na Yoshihiro Kawaoka wa Wisconsin, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha mabadiliko ya vinasaba yanayoweza kukifanya kirusi cha mafua ya ndege kiambukize wanyama wanyonyeshao kwa njia ya hewa. Bodi ya ushauri ya Marekani ilitaka sehemu za makala zifichwe. Uholanzi ikamlazimisha Fouchier kuomba leseni ya usafirishaji, kana kwamba makala ni bidhaa ya kiwandani. Baada ya miezi ya ubishi makala zote mbili zilichapishwa mwaka 2012. Nilikuwa miongoni mwa waliodhani kwamba kuficha kulikuwa na maana, na bado nadhani. Tofauti ni hii: kueleza kirusi kilichopo kati yetu ni kuwaonyesha majirani nyoka aliyeingia nyumbani, ilhali kueleza namna ya kutengeneza kirusi ambacho bado hakipo ni kufundisha kufuga nyoka. Maabara yako, kwa kila ninachojua kuhusu kazi za hospitali, hushughulika na lile la kwanza.

Mwanangu ni mhadhiri wa kemia, na amealikwa na chuo kimoja cha ng'ambo kufanya kazi huko miezi miwili kila mwaka kwa malipo mazuri, huku akiendelea na ajira yake hapa. Wenzake wanamwambia asimwambie mwajiri. Anapaswa kukubali? — Mama, Tanga

Mama, mwambie akubali iwapo kazi yenyewe inampendeza, na mwajiri ajue kabla ya tiketi kukatwa. Mficha uchi hazai. Charles Lieber alikuwa mkuu wa idara ya kemia ya Harvard, mmoja wa wanakemia wakubwa wa wakati wetu, na alikuwa na mkataba na chuo cha teknolojia cha Wuhan uliomwahidi hadi dola 50,000 kwa mwezi. Kuwa na mkataba ule peke yake hakukuwa kosa la jinai. Alipoulizwa na wapelelezi wa serikali iliyokuwa ikifadhili utafiti wake, alikana, na fedha hakuzitaja katika kodi. Desemba 2021 alipatikana na hatia kwa makosa sita, yote ya kusema uongo na ya kodi na akaunti, wala hakuna hata moja la ujasusi. Alihukumiwa siku mbili ambazo alikwisha kuzikaa rumande na miezi sita ya kifungo cha nyumbani, pamoja na faini, lakini kazi ya maisha yake Harvard ilikuwa imekwisha.

Mwanao aombe mkataba katika lugha anayoisoma mwenyewe, si muhtasari wake, aangalie nani atamiliki atakachokigundua na kama kuna kifungu kinachomkataza kuutaja mkataba wenyewe. Kikiwapo kifungu hicho, asisaini. Kisipokuwapo, apeleke nakala kwa mkuu wa idara na kwa ofisi ya utafiti ya chuo chake, agongewe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na nakala yake moja aiache kwako, mama, kabatini.